Waridi Lililotembezwa kwa Baiskeli

Jiko langu la kukaangia maandazi linatazamana na lango la Mzee Mbaraka, kwa hiyo haya nitakayosema sikuhadithiwa. Niliyaona kwa macho. Yale ambayo sikuyaona niliyasikia, na yale ambayo sikuyasikia niliyauliza, maana kuuliza si ujinga. Hapo ndipo mimi na jirani yangu tunapoachana.

Mbaraka amezaliwa hapa hapa Rumonge, mtaa wa Waswahili, na amekamua mawese tangu alipopata nguvu za kusukuma mtambo. Ni mtu mwema. Nalisema hili mapema kwa sababu huko mbele mtaanza kulitilia shaka. Anazika wafu, anatembelea wagonjwa, na akipita dukani hasahau kuniletea kibiriti. Lakini ana ugonjwa mmoja tu, nao hauna dawa ya hospitali: hajui kumwuliza mtu kitu. Aliwahi kwenda mazikoni Bugarama, akapotea njia, akakataa kuuliza, akafuata watu wa kwanza aliowaona wamevaa vizuri. Alifika harusini. Akampa pole baba wa bibi harusi, na yule baba akaipokea kwa moyo wote, kwa sababu hakumpenda bwana harusi tangu mwanzo. Mbaraka akala wali akashiba, akarudi nyumbani akasema marehemu amezikwa vizuri.

Mkewe anaitwa Aziza. Kwa jina la heshima ni Mama Tahira, maana binti yao wa kwanza ni Tahira, aliyeolewa Bujumbura. Aziza si mwanamke wa makelele. Katika nyumba ile alikuwa na kitu kimoja alichokiita chake, nacho ni dirisha la chumbani, linalofunguka kwenye kijisehemu cha ua chenye upana wa mikeka miwili. Pale alikuwa amepanda mawaridi ndani ya makopo makubwa ya maziwa ya unga. Kila alfajiri, akishamaliza kusali, alifungua dirisha akayatazama kwanza, kisha ndipo akamgeukia mumewe. Siku moja nilimwuliza kwa nini mawaridi yanatangulizwa. Akaniambia mawaridi hayakoromi.

Basi Tahira akajifungua, Aziza akapanda kwenda Bujumbura kumsaidia. Aliporudi akiwa na sanduku lake na uchovu wake, aliingia chumbani, akafungua dirisha, akakuta ukuta.

Mbaraka alikuwa amejenga depo ya mapipa ya mawese. Aliijenga ndefu, akaiezeka mabati yaliyotoka nje mpaka yakakaribia kugusa nyumba, ili mvua isimguse wakati wa kupakia. Upande wa pili kulikuwa na nyumba ya jirani yetu Casimir, nayo si fupi. Jua la Rumonge, ambalo linaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa, pale lilishindwa. Kulikuwa na kivuli asubuhi, kivuli mchana, na jioni kivuli kile kile kikingojea usiku. Mawaridi yalikuwa yameshaanza kuinama kwenye makopo yao.

Aziza hakupiga kelele. Nilikuwa langoni nikimletea maandazi ya kumkaribisha, nikamwona anatoka na sanduku lile lile ambalo hakuwahi kulifungua. Kwa Kirundi wanasema amekwahukana. Sisi tunasema amesusa. Alirudi ndani mara kadhaa akayatoa mawaridi yote, akayafikisha barabarani, na gari la Bujumbura liliposimama akayakalisha kiti cha mbele karibu na dereva, yeye akakaa nyuma. Alikuwa anakwenda Gitaza kwa kaka yake Abdoulkarim, anayekausha ndagala, dagaa wa huku kwetu, kandokando ya ziwa.

"Dada Riziki," aliniambia kabla mlango haujafungwa, "mwambie Baba Tahira ukuta umeshasimama, usimame. Lakini mi siwezi kulala nikiamka naangalia matofali. Siku ataotesha kitu kibichi, kizima, pale pale chini ya dirisha, nitarudi. Na isiwe ya plastiki. Namujua."

Nilimfikishia Mbaraka maneno yote, pamoja na la plastiki. Nikaona uso wake unaanguka hapo kwenye plastiki, nikajua mke anamfahamu mume.

"Ijumaa atarudi," akasema.

Ijumaa ilikuja peke yake. Mbaraka akaanza kula maandazi yangu asubuhi, mchana na jioni, akakonda usoni na kunenepa tumboni. Jioni moja nilimchungulia nikamwona kwenye kibaraza anamimina chai kwenye vikombe viwili, akakumbuka, akairudisha chai ya kikombe cha pili ndani ya birika kwa uangalifu mkubwa asimwage hata tone. Nilimhurumia sana. Mtu yule alimpenda mkewe, na hakuwa na njia nyingine ya kulisema ila kupanda kitu.

Alichagua mwenyewe, bila kumwuliza mtu. Alichagua alizeti.

Mimi nilimwona anapita na mbegu, nikasema moyoni, huyu labda anakwenda shamba. Kumbe anakwenda chini ya dirisha. Alizeti ziliota, nisizisingizie. Ziliota haraka, nyeupenyeupe, zenye shingo ndefu nyembamba, zote zimeinamia ule mwanya wa kichochoro kama majirani wanaochungulia ugomvi. Halafu zikalala chini zote kwa pamoja. Akapanda lenga-lenga, mchicha wetu, ikatoka majani mawili ikajutia. Akapanda pilipili, na hiyo haikutoka kabisa. Mbaraka akatafakari, akaamua kwamba tatizo ni njaa. Mimea haishibi. Akaanza kukusanya maji yaliyooshewa ndagala kutoka kwa akina mama wa sokoni, akayamwaga pale ndoo kwa ndoo.

Kitu kizima kilichoota pale kilikuwa paka. Walikuja paka wa mtaa mzima, wakaja na wa mwaloni kunakoshushwa samaki, na wengine wenye sura ngeni ambao nadhani walisafiri. Walikaa chini ya lile dirisha wakitazama ardhi kwa imani. Casimir, jirani wa upande wa pili, ambaye ni mwalimu wa kwaya kanisani kwake, alipita kwangu asubuhi macho mekundu.

"Riziki, hizi paka zinaimba usiku," aliniambia. "Na haziko kwa sauti moja."

Paka walipotawanyika, Mbaraka akapata wazo jingine, tena bila msaada. Kama ni jua linalokosekana, basi jua liletwe. Aling'oa mlango wa kabati la nguo la Aziza, ule wenye kioo kirefu, akapanda nao juu ya depo, akaufunga kwa waya ukitazama mashariki. Na kweli, asubuhi ile pande la jua likashuka likaanguka chini ya dirisha, safi kabisa. Mbaraka akashuka akalisimamia, mikono nyuma, kama mtu aliyezaa mtoto wa kiume. Tatizo ni kwamba jua halikai. Baada ya muda mfupi lile pande likapanda ukuta, likaingia kwa Casimir wakati kwaya inafanya mazoezi, na mama mmoja wa sauti ya kwanza akapiga magoti. Kisha likavuka barabara.

Ng'ambo ya barabara kuna kinyozi, Kabwe, mtu wa Uvira, kijana hodari na mwepesi wa hasira. Niliona mwanga unaingia kibandani mwake. Nikasikia ukelele. Halafu Kabwe akatoka amemshika mteja wake mkono kama polisi na mwizi, wakaja moja kwa moja hadi kwa Mbaraka. Mteja alikuwa na sharubu upande mmoja tu.

"Muzee, angalia huyu mutu," Kabwe akasema. "Hii kioo yako imenipiga mu macho, na mi niko na wembe. Sasa huyu atarudi kwake namna gani?"

Mbaraka alimtazama mteja kwa makini. "Mwambie anyoe na ile ingine."

"Mi nalipenda hili," mteja akasema kwa huzuni, akalishika lililobaki.

Kioo kilishushwa. Casimir alikuja, nami nikazima jiko, tukamkalisha Mbaraka kibarazani. Nilimwambia wazi kwamba akiendelea kujichagulia mimea peke yake, Aziza atazeekea Gitaza. Casimir akamwambia kwa upole kwamba Mungu aliwapa watu midomo ili waulizane. Kabwe akamwambia kwa ukali. Mbaraka akalitazama lango alilotokea Aziza.

"Sawa," akasema. "Nitauliza."

Laiti tungejua. Mtu aliyekaa na maswali yake maisha yote, siku akifungua, hakuna pa kukimbilia. Aliwauliza wauza mawese. Akawauliza akina mama wa ndagala, waliomwambia apande vitunguu kwa kuwa wao wanapenda vitunguu. Kabwe akamwambia apande sombe, yaani kisamvu, kwa kuwa kwao Uvira nyumba isiyo na sombe si nyumba. Casimir akamshauri nyanya. Kila mtu alimpa jibu la tumbo lake. Hakuna aliyefikiria kivuli, hata mimi, na nakiri niliyekuwa na haraka zaidi nilikuwa mimi: nilisema mchaichai, nikarudi kwenye mafuta yangu yasiungue.

Mwisho alishuka mwaloni akawauliza wavuvi waliokuwa wakishona nyavu. Mmoja wao, bila hata kuinua kichwa, akasema, "Kama jua haiwezi kuja kwa muti, si upeleke muti kwa jua?" Wenzake wakacheka. Mbaraka hakucheka. Aliona amepata.

Aliomba waridi changa kwa mtu, akalipanda ndani ya kopo la maziwa la aina ile ile ya Aziza, akalifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira wa tairi. Kila asubuhi alivaa kanzu nyeupe na kofia, kwa sababu alisema ni waridi la Mama Tahira na haliwezi kupelekwa na mtu aliyevaa hovyo. Alilipeleka ufukweni, akaliweka mchangani lipate jua, akaenda kazini. Jioni alilipitia, akalirudisha chini ya dirisha lilale. Watu wakazoea. Wakaanza kumsalimia kwa adabu.

"Amahoro, muzee. Mugonjwa iko aje leo?"

"Iko na nafuu. Usiku imekunywa maji kidogo."

"Imana imusaidie."

"Murakoze," akashukuru, akaendelea na safari.

Sasa jaribuni kufikiri jambo hili linaonekanaje kwa mtu asiyejua kisa. Mzee wa Kiislamu, mke wake amesusa, kila asubuhi anaoga, anavaa kanzu, anabeba maua anaelekea upande wa ziwa. Jioni anarudi, na maua yake angali nayo. Rumonge hatukuhitaji zaidi ya hapo. Katika muda mfupi ilijulikana sokoni kwamba Mzee Mbaraka anaposa, na kwamba mwanamke anamkataa kila siku. Wengine walimwonea huruma. Wengine walitaka kujua huyo mwanamke ni nani mwenye roho ngumu namna ile. Lisemwalo lipo, wahenga walisema, na kama halipo laja. Hili lilikuja, likapanda gari, likashuka Gitaza.

Simu yangu ililia nikiwa nakanda unga. Alikuwa Abdoulkarim, kaka yake Aziza, anaongea kwa kunong'ona.

"Dada Riziki, sema pole pole. Niko ndani ya mutumbwi."

"Unavua saa hizi?"

"Sivui. Nimejificha. Dada yangu iko nyumbani. Huku wamesema shemeji anaoa muke mwingine, anamupelekea maua. Aziza amesema harudi tena. Amesema anakaa hapa mpaka kufa." Nikasikia anapumua. "Dada Riziki, mi nampenda dada yangu. Lakini amehamisha nyavu zangu zote za kukaushia, anasema ndagala zinanukia mawaridi yake. Juzi nimemukuta anaosha mawe. Mwambie shemeji aje. Kesho."

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Aziza alikuwa amelichukua jembe mwenyewe siku ya kwanza, na mwenye nyumba ndiye aliyekuwa anatafuta pa kulala.

Nilimwendea Mbaraka nikamweleza. Alipofahamu maana ya kila mtu kumsalimia kwa huruma, alikaa chini pale pale uani, juu ya ardhi. Hapo niliona kwa mara ya kwanza kwamba anaogopa. Akasema waridi lenyewe limekufa Jumatatu, kwa sababu barabara ina mashimo na lilikuwa linapoteza majani njiani. Hakuwa na mmea, hakuwa na mke, na jina lake lilikuwa mdomoni mwa Gitaza nzima.

Mume akienda kumrudisha mke aliyesusa hendi peke yake. Anakwenda na watu wazima, anakaa mbele ya wakwe, anagombezwa mpaka wakwe watosheke. Tulikwenda mimi na Casimir. Abdoulkarim alitupokea mbele ya nyumba yake akiwa amekunja uso, na alituketisha kwenye benchi inayolitazama ziwa. Pale pale kwenye jua kali, mahali pazuri kuliko pote, yalikuwa mawaridi ya Aziza, yamenenepa, yamefunguka, na ndagala zote za Abdoulkarim zimesukumwa mbali kama wakimbizi. Mlangoni kulikuwa na pazia. Nyuma ya pazia alikuwa Aziza, nasi sote tulijua.

"Mbaraka," Abdoulkarim akaanza kwa sauti ya kusikika mtaa wa tatu, "tulikupa dada yetu, mutoto wa watu. Weye ukamujengea ukuta usoni. Huna haya?" Akainama kummiminia chai, akanong'ona, "Shemeji, sema neno lolote ile, umuchukue. Nakuomba." Akainuka tena. "Huna haya kabisa?"

"Nina haya," Mbaraka akasema.

"Haitoshi," Abdoulkarim akanguruma. Akainama kuongeza sukari. "Inatosha, shemeji, endelea."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia, baridi kama maji ya mtungi. "Huyo mwanamke ni nani?"

"Mwanamke gani?"

"Wa maua."

Mbaraka akageuka huku na huku kama anayetafuta huyo mwanamke ili naye amwone. "Mama Tahira, ile maua ilikuwa yako. Nilikuwa naipeleka kwenye jua."

Vidole viwili vikashika ukingo wa pazia.

"Mi nashuhudia, mama," Casimir akasema, akasimama kama yuko mbele ya hakimu. "Nimeiona kwa muchanga. Iliachwa peke yake na ikarudi na baiskeli. Hakuna muke aliyeigusa."

Pazia likaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikainuka nikaingia ndani kumshika. Nilimkuta ameinama, amejaza pembe ya kanga mdomoni, machozi yanamtoka kwa kicheko. Alininyooshea mkono nisitoe siri. Alipopata pumzi, alikaza uso, akalirudia pazia na sauti yake ile ile ya mtungi.

"Na imeota?"

"Imekufa Jumatatu," Mbaraka akasema.

"Na kabla ya hiyo umepanda nini?"

Akamweleza. Alizeti, lenga-lenga, pilipili, paka. Hakuficha hata kioo cha kabati. Nilirudi kwenye benchi nikiwa nimeuma midomo.

"Na uliuliza nani?" Aziza akasema.

Hapo Mbaraka akainua kichwa. Hili alikuwa na jibu lake, na lilikuwa jibu la fahari. "Niliuliza, Mama Tahira. Mimi, Mbaraka, nimeuliza watu. Nimeuliza Casimir. Nimeuliza dada Riziki na Kabwe kinyozi. Wakina mama wa ndagala, wavuvi, wauza mafuta. Rumonge yote."

"Yote?"

"Yote."

"Hukusahau mutu?"

Mbaraka akafikiri. Alifikiri kwa dhati, paji la uso limekunjamana. "Kuna yule wa kuuza benzini," akasema. "Huyo nimemusahau kumutaja. Alisema mipera."

Mimi nilimkanyaga mguu. Casimir akakohoa kikohozi cha kwaya. Abdoulkarim alikuwa amesahau kabisa kunguruma. Alikuwa amelishika birika kwa mikono miwili anaelekeza mdomo wake kwenye pazia, analitikisa mpaka chai inamwagikia miguu yake. Mbaraka akalitazama birika. Akalitazama pazia. Polepole, kama mtambo wa mawese unavyoanza kuzunguka asubuhi, jambo likamwingia.

Sijawahi kumwona mtu anapata taabu namna ile kufungua mdomo. Alikunywa chai. Akavua kofia akaivaa tena. Akasema ziwa limetulia leo. Hakuna aliyemsaidia. Mwisho aliinamisha kichwa, na hakumwita Mama Tahira.

"Aziza," akasema, "pale chini ya dirisha, weye ungetaka tupande nini?"

Mashua moja ilikuwa inarudi ufukweni, watu wanaitana. Tulingoja mpaka ikafika.

"Kitu ambacho hakihitaji jua wala weye," Aziza akasema.

Pazia likafunguliwa, akatoka. Alikuwa amevaa kanga yake nzuri, na sanduku lilikuwa limefungwa karibu na mlango. Kwa vumbi lililokuwa juu yake, sidhani kama liliwahi kufunguliwa tangu afike. Akasimama mbele ya mumewe akamhesabia kwa vidole.

"Mateke, yale magimbi, pale ambapo maji ya mabati yanadondoka, kwa kuwa mateke yanapenda miguu iwe kwenye maji. Kangaga katikati, yale majani yaliyochanika kama kitana. Yako tele chini ya michikichi kando ya mto Murembwe, na hakuna jua pale. Unapita hapo kila siku. Na kwenye kona, yale majani mekundu ya nyuma ya choo ya Casimir."

"Yale?" Casimir akasema. "Nilikuwa nataka kuyang'oa."

"Usiyang'oe. Jua halijafika pale tangu choo kijengwe, na yananenepa kuliko weye."

Mbaraka alikuwa anamtazama kwa mdomo wazi. "Ulijua haya tangu lini?"

"Tangu ile siku nilifungua dirisha. Sikuwa nimeshusha sanduku."

"Sasa mbona hukusema?"

"Mbona hukuuliza?" Sauti ya mtungi ilikuwa imemwishia, hii ilikuwa sauti yake yenyewe, na ilitetemeka. "Kabla sijaenda kwa Tahira, matofali yalilala uani mwezi mzima. Nikasema labda ni ya jikoni. Mwezi mzima, Baba Tahira, matofali yako uani, na mi niko kitandani karibu na weye."

Mbaraka alikunja mikono akaitazama, na alipoinua uso, macho yalikuwa yamejaa machozi. Abdoulkarim, ambaye kwa desturi alipaswa kunguruma mara ya mwisho, alikwenda kulichukua sanduku akalipeleka barabarani akikimbia.

Mawaridi yalibaki. Aziza aliyapitia yote, akashika jani moja moja. Kule Rumonge yangekufa, na hapa yalikuwa na jua lote la ziwa, ingawa ukiyanusa yalikuwa yamekwisha kuwa na harufu ya ndagala. Alimwambia kaka yake nyavu zisirudi karibu nayo, na kwamba atakuwa anakuja kuyaangalia. Nikaona furaha ya Abdoulkarim inapungua nusu. Garini Aziza alilia kidogo, uso dirishani, na Mbaraka akampa leso.

Walipanda kwa pamoja. Mbaraka alichimba, Aziza akaonyesha. Mvua zilipoanza, mabati yakadondosha maji, na mateke yakafungua masikio yake mapana. Kangaga likajaza katikati. Majani mekundu yalitulia kwenye kona kana kwamba yamehama na choo chao. Aziza akifungua dirisha alfajiri haoni ukuta tena, anaona msitu mdogo, na kwa kuwa ni pa kivuli siku nzima, saa za joto hakuna mahali penye ubaridi kama pale katika mtaa mzima.

Mngedhani kisa kimekwisha, lakini Mbaraka alikuwa amepona ugonjwa mmoja akashikwa na mwingine. "Aziza, nivae shati gani? Aziza, chumvi imetosha? Aziza, nikohoe?" Aziza alikuja kwangu siku moja, amechoka kuliko alivyokuwa siku ya ukuta.

"Riziki," akaniambia, "atanirudisha Gitaza."

"Kwa sababu gani sasa?"

"Ananiuliza."

Siku ya jana jua lilikuwa kali, hata mafuta yangu yalitaka kuchemka bila moto. Nikamwona Mbaraka amesimama kwenye kichochoro kinachoingia kule chini ya dirisha, amenyooka, hajathubutu kuvuka. Jasho linamtiririka. Mbele yake pale ndani palikuwa na ubaridi na kijani, na depo ni yake, na ua ni wake.

"Aziza," aliita, "naweza kukaa hapa?"

Dirisha lilikuwa limefungwa. Hakujibiwa. Nilitia maandazi kwenye mafuta, nikayageuza, nikayaopoa, na yeye bado amesimama pale pale juani, hajaita mara ya pili, hajasogea. Zamani angekuwa ameshakaa, ameshalala, ameshaanza kukoroma. Nilitamani niende nimfungulie mimi.

Kisha dirisha likafunguka. Aziza akatazama kwanza mateke yake, akalitazama na kangaga, kisha ndipo akamtazama mumewe.

"Kaa," akasema. "Na unitolee kiti na mimi."

Mbaraka akakimbia ndani kama kijana. Nikasikia vitu vinaanguka. Halafu kichwa chake kikatokeza mlangoni.

"Aziza," akasema, "kile cha mbao ao cha plastiki?"